Naitwa mkandarasi, lakini kuchelewa nakatwa: je, mimi ni mfanyakazi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa kufunga intaneti majumbani. Kampuni iliniajiri, nikafanya kazi miaka miwili, kisha tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Tukaambiwa mfumo unabadilika: tuandike barua za kuacha kazi, tusaini mikataba mipya ya "mkandarasi huru", na asiyetaka hana uhakika wa kazi mwezi ujao. Nikasaini. Huu ni mwaka wa nne sasa. Pikipiki ni yangu, drili ni yangu, kodi najilipia, na kila mwisho wa mwezi natuma ankara. Ila fulana na kitambulisho ni vya kampuni, kazi napangiwa kila asubuhi saa moja na nusu, na nikichelewa nakatwa. Mwezi uliopita niliteleza kwenye ngazi nyumbani kwa mteja, nikavunjika kifundo cha mkono. Ofisi imesema nijitibu, mimi si mfanyakazi wao. Juzi wamenitumia karatasi nyingine nisaini, inayosema nimekuwa mkandarasi huru kwa hiari yangu. Nakuambatishia mkataba na picha za ujumbe wa simu. Je, nina haki yoyote? Na hiyo karatasi niisaini?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa mkono. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka: usisaini. Iweke kando, tutairudia. Ofisi yenye hakika kwamba wewe ni mkandarasi haina sababu ya kukuomba uthibitishe hivyo wiki chache baada ya kuvunjika mkono ukiwa kazini kwake.

Kuhusu haki, nikisoma ulichonitumia namwona mwajiriwa aliyebandikwa jina la mkandarasi. Sisemi umeshashinda. Nasema una hoja, na uzito wake utategemea sheria ya nchi unayofanyia kazi na kile unachoweza kumwonyesha mtu asiyekujua wewe wala bosi wako.

Karibu kila anayeniletea jambo hili huanza kwa aibu: "Lakini nilisaini mwenyewe." Ondoa aibu hiyo. Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 198 kuhusu uhusiano wa ajira, na kiini chake ni hiki: ukitaka kujua kama kuna ajira, tazama kwanza kazi inavyofanyika na malipo yanavyotolewa, hata kama wenyewe wameuita uhusiano wao jina jingine. Pendekezo halimbani mwajiri wako moja kwa moja kama sheria inavyombana. Lakini limetaja dalili ambazo mahakama nyingi zinazitumia. Je, kazi inafuata maelekezo ya mwingine? Inafanywa na mtu mwenyewe, kwa saa alizopangiwa? Malipo yanakuja kwa vipindi, na ndiyo riziki yake kuu? Hasara ya biashara anaibeba nani?

Ngoja nikupe mfano ulio karibu na wako. Waosha magari 20 nchini Uingereza walikuwa wakiifanyia kazi kampuni ya Autoclenz. Mikataba yao ilisema ni wakandarasi wadogo, kwamba hakuna anayelazimika kuja kazini, na kwamba yeyote anaweza kumtuma mtu mwingine badala yake. Kodi walijilipia kama watu waliojiajiri. Ushahidi ukaonyesha vingine: walitarajiwa kufika, asiyekuja alitakiwa kutoa taarifa mapema, na bei ya kuosha gari ilipangwa na kampuni. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikasema maandishi yale hayakuwa makubaliano ya kweli. Ikasema pia jambo ambalo wanasheria wa biashara hawapendi kulisikia: anayeandika mkataba na anayeomba kazi hawana nguvu sawa, na hilo lazima lizingatiwe karatasi inaposomwa. Wale waosha magari wakapata haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Sasa tuifungue siku yako.

Kifungu cha sita cha mkataba wako kinasema "Mkandarasi anaweza wakati wowote kumtuma mtu mwingine mwenye ujuzi." Kifungu hicho hakikuingia kwa bahati mbaya. Ndicho kinachopendwa kuliko vyote na waandishi wa mikataba ya aina hii, kwa sababu mwajiriwa hutoa kazi yake mwenyewe, hawezi kumpa jirani akamfanyie. Anayeweza kumtuma mtu mwingine anafanana na mwenye biashara. Halafu nikafungua picha ya nne ya simu yako. Siku uliyokuwa na msiba ulimwandikia msimamizi kwamba utamleta fundi mwenzako mwenye ujuzi uleule. Akajibu: "Huyo hatumjui. Kama huji mwenyewe niambie nijue." Ujumbe huo wa maneno saba una thamani kuliko kurasa zote kumi na moja za mkataba. Uhamishe leo kutoka kwenye simu hiyo. Utume kwa barua pepe yako binafsi, uuchapishe, mpe na ndugu nakala.

Tazama kukatwa kwa kuchelewa. Mkandarasi wa kweli akikosea anarudia kazi kwa gharama yake, au mteja anagoma kulipa. Hakatwi kwa sababu ya dakika ishirini za asubuhi. Adhabu ya namna hiyo ni ya mkubwa kwa mdogo wake, na ikiwa ofisi imekuwa ikiandika makato hayo kwenye ankara, imekuandikia ushahidi kwa mkono wake. Na hizo ankara zenyewe, umesema unazituma wewe. Ila fomu yake nimeiona: imetengenezwa na ofisi, namba ya ankara imetolewa na ofisi, kiasi kimejazwa na ofisi, wewe unatia sahihi na kuirudisha. Ankara ya mfanyabiashara humwambia mteja anadaiwa kiasi gani. Hiyo yako inakuambia wewe umelipwa kiasi gani, na kwa Kiswahili cha kawaida tunaiita hati ya mshahara.

Kisha kuna swali ambalo mimi hulipenda kuliko yote: kazi unayofanya ndiyo biashara yenyewe ya kampuni, au ni kitu cha pembeni? Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilipoamua kesi ya Dynamex mwaka 2018 ilitoa mfano mzuri. Duka likiita fundi bomba kutengeneza paipu inayovuja, fundi yule hajawa mfanyakazi wa duka. Lakini kiwanda cha nguo kikiwapa mafundi cherehani wanaofanyia kazi nyumbani vitambaa na michoro ili washone magauni yatakayouzwa na kiwanda, hao wamo ndani ya biashara. Kampuni yako inauza intaneti, nawe ndiye unayeiingiza ukutani kwa mteja. Mafundi wote mkikaa nyumbani wiki moja, wana nini cha kuuza?

Na hasara, na faida? Hapa niulize jambo ambalo hukuliandika. Mteja akifurahia kazi yako akaomba namba yako ya simu, unaruhusiwa kumpa? Kifungu cha tisa kinasema ukifanya hivyo mkataba unavunjika. Bei hupangi. Mteja si wako. Eneo hulichagui. Ukitaka kipato kiongezeke mlango ni mmoja tu, kufanya saa nyingi zaidi. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyowaangusha Uber mbele ya Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 19 Februari 2021: nauli ilipangwa na kampuni, masharti yaliandikwa na kampuni, dereva aliyekataa safari mara nyingi alifungiwa programu kwa muda, alama za abiria zilitumika kumdhibiti, na mawasiliano ya dereva na abiria yalibanwa ili wasijuane nje ya mfumo. Majaji wakaona kwamba dereva hana njia ya kukuza kipato chake kwa ujuzi au akili ya kibiashara.

Upande wa pili nao una neno, na ni heri ulisikie kwangu kuliko kwa wakili wao. Watasema pikipiki ni yake. Kweli, na kumiliki kifaa kikubwa ni dalili ya kujiajiri, lakini ni dalili moja, na pikipiki ambayo mtu aliinunua kwa mkopo kwa sababu aliambiwa hapati kazi bila hiyo haina uzito wa lori la mwenye kampuni ya usafirishaji. Watasema analipa kodi mwenyewe. Huo ni mzunguko wa mbwa na mkia wake: umelipa hivyo kwa sababu walikuita hivyo. Fundi bomba mmoja wa London aliyefanya kazi na kampuni ya Pimlico Plumbers alijilipia kodi na hata alisajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Lakini alivaa sare yao na kuendesha gari lenye nembo yao. Alipopata shambulio la moyo akaomba apunguziwe siku za kazi, uhusiano ukavunjika. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba alistahili haki za mfanyakazi, hata kama kwenye kodi alionekana mfanyabiashara.

Hoja yao ya tatu ndiyo nitakayoiogopa kidogo: zile kazi za Jumapili unazowafanyia watu binafsi, ambazo nimeziona kwenye ujumbe wako wa simu. Usizifiche. Mtu anaweza kuwa mwajiriwa siku sita na kujiajiri siku ya saba, hakuna sheria ya akili inayokataa hilo. Ila ukizikana kisha zikajitokeza, hata yaliyo kweli yatatiliwa shaka.

Usidhani namwambia kila mtu "umedhulumiwa." Alinijia wakati fulani fundi wa taa za jukwaani, analia kilio kama chako. Nikamuuliza maswali haya haya. Alikuwa na vijana wawili anaowalipa yeye, waandaaji watatu wanaompigia, bei anayoitaja yeye, na msimu wenye kazi nyingi aliwakatalia wengine bila kuogopa kitu. Nikamwambia: wewe ni mfanyabiashara mwenye deni lisilolipwa, nenda kadai deni. Hakufurahi, lakini alilipwa. Kujiajiri si ugonjwa. Wapo wanaoutaka uhuru huo na wanaufaidi. Tunachokipinga ni mtu kubebeshwa hatari zote za kujiajiri huku uhuru wake umebaki ofisini.

Sasa sheria. Nchi hazifanani, na hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapowapoteza watu.

Zipo nchi ambazo sheria inaanza upande wako. Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia anayemfanyia kazi mwingine kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa dalili hata moja kati ya zilizotajwa ipo: namna yake ya kufanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, amepewa vifaa vya kazi, au anamfanyia mtu mmoja tu. Afrika Kusini iliweka dhana kama hiyo mwaka 2002, kwa saa 40 kwa mwezi, ingawa huko inawahusu wenye kipato kisichozidi kiwango fulani. Hispania iliweka dhana ya ajira kwa wasambazaji wa mizigo na chakula kupitia programu za simu mwaka 2021, baada ya Mahakama ya Juu kuamua dhidi ya Glovo Septemba 2020. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake kuhusu kazi za majukwaa ya kidijitali mwaka 2024, na nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Dhana ya namna hii inageuza mzigo: si wewe unayethibitisha kwamba umeajiriwa, wao ndio wanaothibitisha kwamba hukuajiriwa. Asiyewahi kusimama mbele ya msuluhishi hajui mabadiliko hayo yana ukubwa gani.

Pia yapo maamuzi yaliyokwenda kinyume. Wasambazaji wa chakula wa kampuni ya Deliveroo walishindwa kwenye Mahakama ya Juu ya Uingereza Novemba 2023 walipotaka chama chao kitambuliwe kwa majadiliano ya pamoja, na sababu kubwa ilikuwa kwamba haki yao ya kumtuma mtu mwingine ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ikitumika, na kampuni haikuizuia. Sasa unaelewa kwa nini nimeng'ang'ania picha ya nne.

Na kuna kesi ya Australia ambayo nikiisoma nakuona wewe ndani yake. Madereva wawili wa malori waliajiriwa na kampuni moja mwaka 1977. Miaka ya katikati ya themanini kampuni ikawaambia haiwezi kuwahakikishia ajira, ila iko tayari kuendelea nao wakinunua malori yao na kuwa wakandarasi. Wakanunua malori kutoka kwa kampuni yenyewe, wakaanzisha ubia na wake zao, wakaanza kutuma ankara. Wakaendelea kubeba mizigo ya kampuni ileile, nembo yake ikionekana kwenye malori, mpaka mwaka 2017. Karibu miaka arobaini. Walipodai likizo na mafao, Mahakama Kuu ya Australia ikaamua mwaka 2022 kwamba walikuwa wakandarasi: mkataba ulikuwa umeandikwa, haukuwa wa uongo, na haki za pande zote zisomwe humo. Kwamba walikubali kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kukataa hakukubadilisha kitu. Bunge likabadili sheria, na kuanzia tarehe 26 Agosti 2024 kipimo cha jumla huko kimerudi kwenye uhalisia wa uhusiano wote, pamoja na mkataba unavyotekelezwa. Kwa wale wawili mabadiliko yalikuwa yamechelewa.

Kwa hiyo ukienda kwa mwanasheria wa nchi yako, swali la kwanza lisiwe "nina haki?" Muulize: "Huku mahakama zinasoma karatasi au zinatazama kazi?" Akikujibu bila kusita, umepata mwanasheria anayelijua jambo hili.

Kuna nchi zenye ngazi ya katikati pia. Uingereza, dereva wa Uber hakupewa haki zote za mwajiriwa. Alipewa kima cha chini na likizo, si ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Ujerumani na Hispania nazo zina kundi la waliojiajiri lakini wanaomtegemea mteja mmoja, na wanapewa ulinzi kiasi. Usidai mbingu yote ikiwa sheria yako inakupa nusu, na usikubali nusu ikiwa unastahili yote.

Hili si la mafundi na madereva peke yao. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya hifadhi ya jamii ya Ujerumani iliamua kuhusu mwalimu wa piano katika shule ya muziki ya mji wa Herrenberg: aliingizwa kwenye ratiba na vyumba vya shule na hakuwa na hatari yoyote ya kibiashara, kwa hiyo ilipasa alipiwe michango. Shule nyingi za muziki zilishtuka.

Turudi kwenye mkono wako, maana mfupa haungoji kesi. Hospitali walikuandikia nini? Kama cheti kinasema tu "ameanguka", rudi ukaombe kiandikwe alianguka wapi, siku gani, saa ngapi, akifanya nini. Mwandikie mwenye nyumba ile ujumbe wa upole ukimshukuru kwa kukusaidia siku ile. Jibu lake litathibitisha ulikuwa pale na kwa kazi gani. Kisha toa taarifa ya ajali kwenye mfuko wa fidia au ofisi ya kazi wewe mwenyewe, bila kumngoja mwajiri. Taarifa za ajali zina muda wake, na muda huo haujali kwamba mnabishana kuhusu jina lako.

Ukianza kudai, dai nini? Watu hufikiria mshahara tu. Chukua miezi yako yote ya "ukandarasi" uandike: likizo ambazo hukulipwa (kipimo cha Shirika la Kazi Duniani katika Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970 ni wiki tatu kwa mwaka, na nchi nyingi hutoa zaidi), siku za ugonjwa, michango ya hifadhi ya jamii ya upande wa mwajiri, makato ya kuchelewa, mafuta ya pikipiki. Michango ndiyo watu huisahau, ilhali ndiyo itakayouma uzeeni. Yule fundi bomba wa London alirudi mahakamani kudai malipo ya likizo alizozichukua bila kulipwa, na mwaka 2022 mahakama ya rufani ikampa haki. Ila sehemu nyingine madai ya nyuma hufupishwa kwa miaka, ndiyo maana kila mwezi unaopita huenda ukakupunguzia.

Kitu kimoja kitakuuma: kama ulipunguziwa kodi kwa kuandika mafuta na drili kuwa gharama za biashara, mamlaka ya kodi inaweza kutaka hesabu ifanywe upya. Hilo lisikuzuie, lakini lipigie hesabu kabla, lisikushtue katikati ya safari.

Ushahidi. Umeanza vizuri, ila picha za simu hazitoshi, kwa sababu kundi la WhatsApp unaweza kutolewa kesho asubuhi. Hamisha mazungumzo yote, si vipande vinavyokupendeza. Tafuta barua yako ya kuacha kazi na mkataba mpya, uweke tarehe zake pamoja: mtu anayeacha kazi Ijumaa na kuanza Jumatatu kwa msimamizi yuleyule, kwa njia zilezile, hana haja ya kueleza sana. Piga picha fulana, kitambulisho, ratiba. Chukua daftari, uandike wiki mbili za kawaida kabla ya ajali: saa uliyopangiwa, nani alikupangia, ulimaliza saa ngapi, ulikataa kazi gani na ikawaje. Usichukue orodha ya wateja wala nyaraka za siri za kampuni. Nimewahi kumwona mlalamikaji mwenye haki zote akigeuzwa mshtakiwa kwa kubeba faili lisilomhusu, na sijawahi kuisahau sura ya mkewe siku ile.

Usiende peke yako ikiwezekana. Mliitwa mmoja mmoja kwa makusudi. Watafute wenzako waliosaini wiki ileile, hata waliokwisha kuondoka, hasa waliokwisha kuondoka, kwa sababu hawana cha kupoteza. Chama cha wafanyakazi kitakusikiliza hata kama hukuwa mwanachama. Kina sababu zake, maana kila anayegeuzwa mkandarasi ni mtu mmoja aliyetoka kwenye meza ya majadiliano. Watu waliojiajiri kweli wakikaa pamoja kupanga bei, sheria za ushindani zinaweza kuwaona kama wafanyabiashara wanaokula njama. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililazimika kusema mwaka 2014, katika kesi ya wanamuziki wa okestra nchini Uholanzi, kwamba waliojiajiri kwa jina tu hawaguswi na kizuizi hicho.

Pa kwenda ni ofisi ya mkaguzi wa kazi, au mfuko wa hifadhi ya jamii, au chombo cha usuluhishi. Mimi hupenda mfuko uanze, kwa sababu unadai michango yake wenyewe na hauogopi bosi. Lakini muda wa kupeleka mgogoro huenda mfupi kuliko unavyodhani. Tanzania, kwa mfano, anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine siku 60. Wewe hawajakufukuza bado. Wakikupigia simu kwamba "mkataba umekwisha", siku hiyo ndiyo saa inaanza kuhesabu, kwa hiyo andika tarehe.

Watakuadhibu? Wanaweza kujaribu, na njia yao haitakuwa barua ya kufukuza. Asubuhi orodha ya kazi itakuja bila jina lako, kesho yake hivyo hivyo. Kila siku hiyo itakapotokea, andika: "Nipo tayari kwa kazi, sijapangiwa leo." Sentensi hiyo fupi itakufaa kuliko malalamiko ya kurasa tatu. Na usiache kazi kwa hasira. Ukiondoka mwenyewe unawapa zawadi.

Karatasi yao sasa: usiisaini. Hata kama wakisema ni utaratibu tu, hata kama wakisema malipo ya mwezi huu yatangoja mpaka usaini. Hasa wakisema hivyo, waombe waandike. Usinyamaze pia, maana kimya kitasomwa kuwa kukubali. Wajibu kwa barua pepe, nakala kwako mwenyewe, maneno yasizidi haya:

"Nimepokea hati mliyonitumia. Sikubaliani na maelezo yaliyomo kuhusu hali yangu ya kazi, kwa hiyo sitaisaini. Naomba nakala ya taarifa ya ajali iliyonipata nikiwa kazini, na jina la mfuko wa fidia mliosajiliwa. Nipo tayari kurudi kazini daktari atakaponiruhusu."

Itume kabla hujaenda kubadilishiwa plasta, na ukitoka huko niandikie walichojibu.